Je, wajua kwa nini yai la gilemoti limechongoka?

Gilemoti ni ndege wa baharini mwenye uzito wa kilo moja hivi, mweusi mgongoni na mweupe tumboni. Waiceland humwita langvía. Huzaliana kwa maelfu kwenye magenge, yaani miamba mirefu iliyosimama wima, ya visiwa vya volkano vya kaskazini, kama vile Grímsey, Vestmannaeyjar na Faroe. Huko lava ngumu imelala juu ya matabaka laini; upepo na mawimbi yamekula yale laini, na lava ikabaki imetokeza mbele. Kwenye vikingo hivyo vyembamba jike hutaga yai moja juu ya jiwe tupu. Kiota hakuna, hata unyasi mmoja.

Yai lina gramu 110 hivi, zaidi ya sehemu ya kumi ya uzito wa mama. Kitako chake ni kinene, kisha ubavu unashuka karibu kwa mstari ulionyooka hadi kwenye ncha. Kwa nini?

Jibu linalorudiwa tangu zamani ni kwamba yai likisukumwa huzunguka papo hapo kwenye duara dogo, kwa hiyo halidondoki gengeni. Ni jibu tamu, na hata mtoto hulielewa mara moja. Tatizo ni kwamba linategemea mayai matupu. Wakusanyaji wa zamani walitoboa yai na kupuliza nje ute na kiini ili lisioze, na ganda tupu likiguswa huzunguka kweli. Yai lililojaa lina tabia nyingine: huviringika kwa tao pana, mara nyingi pana kuliko kikingo chenyewe. Kadiri linavyoatamiwa, maji huvukiza kupitia ganda, chumba cha hewa kilicho kwenye kitako hukua, na uzito huhamia upande wa ncha. Hapo tao hupungua. Maana yake kinga hii ingekuwa dhaifu kuliko wakati wote katika siku za kwanza, wakati yai ni bichi.

Halafu kuna binamu yake, gilemoti wa Brünnich, anayetaga kwenye vikingo vyembamba zaidi. Kama umbo lingekuwa dawa ya kuanguka, yai lake ndilo lingepaswa kuchongoka zaidi. Limechongoka kidogo kuliko la mwenzake. Isitoshe, mayai huanguka: kunguru mkubwa au tai akizusha hofu, ndege huondoka kwa pamoja na mayai hudondoka baharini. Aliyepoteza yai anaweza kutaga jingine baada ya wiki mbili hivi.

Tim Birkhead wa Chuo Kikuu cha Sheffield na wenzake waligeuza swali. Badala ya kuuliza yai hufanya nini likishaanza kuviringika, mwaka 2018 walichapisha kazi kuhusu kinachofanya lisianze kabisa.

Kanuni yake unaweza kuijaribu jikoni. Weka ndimu na karoti kwenye ubao wa kukatia, kisha inua upande mmoja wa ubao polepole. Ndimu inagusa ubao kwa nukta moja tu, na huondoka mapema. Karoti imelala kwa ubavu wake wote. Ukiiweka imekingama, itageuka mpaka upande mnene uelekee chini na ncha ielekee juu, kisha itatulia. Kutoka hapo, kuviringika kushoto au kulia kungeulazimu upande mnene kupanda, na uzito hauendi juu wenyewe. Ubao ukiwa na majimaji karoti itateleza, lakini kuteleza ni jambo jingine, na ganda la gilemoti lina mkwaruzo.

Yai halijachongoka kiasi hicho, ila ubavu wake ulionyooka hufanya kazi ileile. Lilipolinganishwa na yai la alka, jamaa yake mwenye yai la mviringo zaidi, lilitulia vizuri zaidi kwenye mteremko. Faida yake huonekana wakati wa kupokezana zamu. Wazazi huatamia kwa siku 33 hivi, yai likiwa juu ya miguu na kubanwa tumboni. Anapotoka mmoja na kuingia mwingine, yai hubaki jiweni bila mshikaji.

Mwaka 2017 kundi hilohilo lilikuwa limependekeza kwamba umbo hili hukinga yai dhidi ya uchafu. Jozi 20 au zaidi zinaweza kubanana kwenye mita moja ya mraba, na kinyesi chao hakina pa kwenda. Matope hushika zaidi ncha, huku kitako, chenye vitundu vingi vya kupitishia hewa, kikibaki safi kiasi. Huenda sababu zote mbili zina sehemu yake. Mwaka huohuo Mary Stoddard na wenzake walipima mayai ya aina 1,400 za ndege, wakakuta kwamba ndege hodari wa kuruka huwa na mayai marefu au yaliyochongoka. Huo ni uhusiano wa jumla, na hausemi kwa nini gilemoti amezidi.

Gilemoti mweusi, ambaye ni jamaa wa aina nyingine, huweka mayai mawili ndani ya nyufa za miamba, na mayai yake hayana ncha kali. Hilo linaafikiana na wazo la mteremko, lakini haliamui kesi: nadharia ya uchafu, na hata ile ya kuzunguka papo hapo, zingetabiri hivyohivyo.