Je, wajua kwa nini pikapu ndogo ikivishwa matairi makubwa inakuwa nzito na spidomita inaanza kudanganya?

Pikapu ndogo ikivaa matairi makubwa inapendeza, hilo halina ubishi, inasimama juu, inajaza vizuri kwenye madigadi na kwenye mashimo inapita bila kugonga chini. Ila wengi wakishafunga tu malalamiko ni yale yale: gari haivuti kama zamani, kamlima kadogo tu inaomba gia ya chini, mafuta yanaisha haraka, breki nazo ni kama zimelegea. Injini ni ile ile na fundi hajagusa kitu kingine, sasa nguvu imeenda wapi?

Anza na namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Chukua 205/70R15. Hiyo 205 ni upana kwa milimita, 70 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya huo upana, 15 ni rimu kwa inchi. Ukijumlisha rimu na ubavu wa juu na wa chini unapata tairi yenye kimo cha milimita 668 hivi. Mtu anaitoa anaweka 235/75R15, rimu ni ile ile ya 15 lakini kimo kinaruka mpaka kama milimita 733. Ukiziegemeza ukutani pamoja utasema mbona tofauti ndogo, kumbe ni karibu asilimia 10, na hiyo asilimia 10 inagusa karibu kila kitu.

Na hapa watu wanachanganya sana, rimu kubwa sio lazima iwe tairi kubwa. 225/60R16 ina rimu ya 16 lakini kimo chake ni milimita 676 tu, karibu sawa na ile ya mwanzo, sababu ubavu umepungua. Kwa hiyo mtu akikwambia "nimeweka rimu kubwa gari imenyanyuka", muulize kwanza ubavu ni ngapi.

Turudi kwenye nguvu. Injini inapeleka nguvu ya kuzungusha mpaka kwenye ekseli, na tairi ndo inaigeuza kuwa msukumo chini barabarani. Kadiri umbali kutoka katikati ya ekseli hadi ardhini unavyokuwa mrefu ndivyo msukumo unavyopungua, nguvu ya kuzungusha ikiwa ile ile. Ni kama kupanda mlima na baiskeli ukiwa umeiacha kwenye gia ngumu, mguu unakanyaga vilevile ila baiskeli haiendi. Kwa mfano wetu, difu (gia za kwenye ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu) ya 4.10, yaani shafti inazunguka mara 4.10 ndo gurudumu lizunguke mara moja, inakuwa kama umeweka ya 3.73 bila kujua. Wanaotaka kurudisha mvuto wanabadilisha meno ya difu, mfano kwenda 4.56, na kwa maoni yangu hiyo ndo kazi ya maana kuliko kuhangaika na injini ambayo haina kosa lolote. Ongeza na uzito wa tairi yenyewe, tena uzito mwingi uko pembeni kabisa, mbali na katikati, kwa hiyo kila ukiondoka na kila ukisimama injini na breki vinafanya kazi ya ziada. Breki zinaumia mara mbili sababu disk na ngoma ni zile zile ndogo na sasa zinashika gurudumu lenye mkono mrefu, inabidi ukanyage zaidi.

Spidomita nayo kazi yake ni kuhesabu mizunguko, haijui umeweka tairi gani. Ikikuonyesha 100 wewe uko kama 110 (kutoka kiwandani nyingi zinasoma juu kidogo ya spidi halisi kwa hiyo pengo linaweza kupungua, ila usilitegemee). Kilomita nazo zinahesabiwa pungufu, ukitembea 100 dashibodi inaandika 91. Ndo maana hesabu ya mafuta inatisha kuliko hali ilivyo, ni kweli inakunywa zaidi lakini sehemu ya hizo lita ni kilomita ulizotembea na hazikuandikwa! Na oili unayomwaga kila 5,000, kiukweli unaimwaga karibu 5,500.

Faida ipo na ni kubwa. Kwenye pikapu yenye ekseli ngumu nyuma, kitu kinachogonga mawe kwanza mara nyingi ni difu, na ukinyanyua springi bodi inapanda ila difu inabaki palepale, sababu imekaa kwenye ekseli. Kinachoinyanyua difu ni tairi tu. Kwa mfano wetu unapata sentimita 3 na kidogo, nusu ya ile tofauti ya kimo, na kwenye njia mbovu sentimita 3 sio mchezo.

Sasa kabla ya kulipa, kata usukani mpaka mwisho kulia halafu kushoto huku tairi moja ya mbele ikiwa imepanda kitu, alafu chungulia ndani ya fenda. Ukiona plastiki imesuguliwa mpaka inang'aa au kuna mstari mweusi wa mpira, tairi inagusa. Nyuma pima ukiwa na mzigo, gari tupu inadanganya, springi zikilala tu tairi inapanda kukutana na bodi. Angalia pia namba inayofuata saizi, hiyo ni uzito ambao tairi inaweza kubeba, 96 ni kilo 710 kwa tairi moja na 104 ni kilo 900, na pikapu ni gari ya mizigo, usishuke chini ya ile ya kiwandani hata kama tairi ni pana na inatisha.

Mwisho spea. Kubwa inaweza isiingie pale chini ya bodi inapofungwa, wengi wanabaki na ile ndogo ya zamani. Ukiifunga nyuma tairi mbili zinazunguka tofauti na difu inasagika njia nzima, na ukiweka foo wili (magurudumu yote manne yavute) kwenye lami ndo unaua gia kabisa. Pancha ikiwa ya nyuma, hamishia nyuma tairi kubwa ya mbele, spea ndogo iende mbele, hata kama utafungua matairi mawili badala ya moja.