Soda ya kila mchana: ukiiacha, uweke nini mahali pake?

Kila nikisema naacha soda, baada ya siku chache narudi. Kwa nini?

Umeondoa soda, lakini saa yake imebaki. Umemaliza kula wali, jua kali, na mkono umezoea kushika chupa ya baridi. Pakiachwa patupu, soda itarudi. Saa hiyo huwezi kuifuta. Badilisha unachokifanya ikifika.

Basi ninywe nini?

Jua kwanza unafuata nini ndani ya soda, maana watu wengi hushindwa kwa kuchagua kibadala kisichogusa hamu yao. Kama ni ubaridi, maji ya friji au ya mtungi yanatosha. Kama ni gesi, tafuta maji ya gesi yasiyo na sukari, utie kipande cha ndimu. Yanywe na chakula, usiyanyonye kutwa, kwani asidi hula meno. Kama ni utamu, kula tunda zima: chungwa, au kipande cha tikiti. Kama unafuata kafeini ya kola, ile inayochangamsha mwili, kunywa chai ya rangi isiyo na sukari.

Kibadala kiwe tayari tangu asubuhi. Ukianza kukitafuta hamu imeshapanda, duka la soda litakuwa karibu zaidi.

Juisi ya miwa je? Au asali?

Hapo umehamisha sukari tu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linahesabu sukari ya juisi na ya asali pamoja na ile ya soda. Linashauri isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, yaani kama gramu 25 au vijiko 6 vya chai. Chupa ya kola ya kawaida ya mililita 350 ina takriban vijiko 9.

Na sukari ya chai?

Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea. Iliki na tangawizi husaidia. Kibandani, uliza kwanza: mara nyingi sukari imeshatiwa kwenye sufuria.

Nimeacha kola, kichwa kinauma.

Huenda ni kwa kukosa kafeini. Maumivu hayo huanza ndani ya saa 12 hadi 24 na huweza kufika siku 9. Punguza taratibu: chupa mbili, kisha moja, kisha nusu.

Nitazoea lini?

Watafiti wa chuo kikuu cha University College London, waliofuatilia watu wakijenga tabia mpya, walipata wastani wa siku 66, wengine 18, wengine hata 254. Kukosa siku moja hakukuwarudisha mwanzo. Kwa hiyo ukinywa soda harusini, kesho yake endelea na maji yako.

Nina kisukari, natumia insulini.

Ongea na daktari kabla ya kupunguza, kwani dozi huenda ikahitaji kubadilishwa. Na sukari ikishuka, ukatetemeka na kutoka jasho, kunywa soda ya kawaida nusu glasi, kama mililita 150, kisha pima tena baada ya dakika 15.