Kujikagua Afya ya Akili: Maswali na Majibu

Nitajuaje kwamba huzuni yangu imevuka mpaka wa kawaida?

Huzuni baada ya msiba au hofu kabla ya mtihani si ugonjwa, na kwa kawaida hupungua kadiri siku zinavyopita. Iwapo, hata hivyo, kwa wiki 2 au zaidi umekuwa na huzuni karibu kila siku, au umepoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyafurahia, na hali hiyo imeanza kuvuruga usingizi, kazi au uhusiano wako na watu, basi inafaa umwone mtaalamu wa afya. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni ya kudumu, haianzi kwa machozi kila mara. Kwa watu wengi hujitokeza kwanza kama maumivu ya kichwa, uchovu usioisha hata baada ya kupumzika, au hasira za ghafla.

Je, kuna kipimo ninachoweza kukitumia mwenyewe?

Lipo dodoso la kupima dalili za sonona liitwalo PHQ-9, lenye maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, ambapo kila jibu hupewa alama 0 hadi 3. Jumla ya 10 au zaidi huashiria kwamba unahitaji kuchunguzwa, lakini haithibitishi ugonjwa, kwa kuwa upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza kuleta dalili zinazofanana. Swali la 9, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, lisifichwe ndani ya jumla: ukilipa alama yoyote zaidi ya 0, mweleze mhudumu wa afya hata kama alama nyingine ni ndogo.

Nifanye nini dhiki inaponizidi?

Kwa wakati huohuo, pumua polepole, ukitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Kwa siku zinazofuata, usingoje hamu irudi ndipo uanze kutenda. Panga jambo moja dogo, kama kutembea kidogo, ulifanye hata bila hamu, kwa maana mara nyingi hamu hufuata tendo. Pombe hutuliza kwa saa chache tu, kisha huharibu usingizi na kuzidisha huzuni.

Je, kumuuliza mtu kuhusu kujiua kutampa wazo hilo?

Hapana. Kuulizwa waziwazi na kwa upole huwapa wengi nafuu. Akikiri kwamba anayo mawazo hayo, usimwache peke yake, ondoa karibu naye dawa, sumu na silaha, na mfikishe kituo cha afya siku hiyohiyo.