Je, mbunge apige kura kama alivyotumwa?

Katika kufundisha sheria ya katiba, swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: mbunge anayejua kwamba wengi jimboni kwake wanaupinga muswada, huku yeye mwenyewe akiamini kuwa una manufaa, apige kura gani? Anayeuliza kwa kawaida amekwisha kuwa na jibu, nalo ni kwamba aliyetumwa hana budi kufikisha ujumbe kama alivyopewa. Sikubaliani na jibu hilo, ingawa siko tayari pia kumwachia mbunge uhuru wote ambao wabunge wengi hupenda kujitwalia.

Hoja ya uhuru huo ilielezwa waziwazi na mwanasiasa wa Uingereza, Edmund Burke, mnamo Novemba 1774, alipowahutubia wapigakura wa mji wa Bristol mara tu baada ya kuchaguliwa. Alikataa kufungwa na maagizo yao, akieleza kwamba bunge si mkutano wa mabalozi wanaotetea maslahi yanayohasimiana bali ni baraza la taifa moja, na kwamba mbunge anawawia watu wake bidii pamoja na busara yake. Wanaomnukuu Burke huishia hapo. Baadaye aliunga mkono kulegezwa kwa vikwazo vya biashara ya Ireland, akawaudhi wafanyabiashara wa mji huo, na katika uchaguzi wa 1780, alipoona hana matumaini ya kushinda, alijitoa. Kwa maoni yangu, tukio hilo ni sehemu ya nadharia yenyewe: mbunge yuko huru kupiga kura aonavyo, na wapigakura wako huru kumwondoa.

Katiba kadhaa kubwa zilifuata njia hiyo. Mnamo Agosti 1789 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilikataa, kwa kura 41 dhidi ya 10, pendekezo la kuingiza katika katiba haki ya wananchi kuwaagiza wawakilishi wao. Ibara ya 27 ya katiba ya Ufaransa ya 1958 inabatilisha kila agizo la kumfunga mbunge, na ibara ya 38 ya Sheria ya Msingi ya Ujerumani ya 1949 inasema kuwa wabunge hawafungwi na maagizo bali hutii dhamiri zao tu. Hata hivyo, Ujerumani hiyohiyo ina Bundesrat, baraza linalowakilisha serikali za majimbo, ambamo kura za kila jimbo hupigwa kwa pamoja kama serikali ya jimbo ilivyoamua. Huko agizo linawezekana kwa sababu mwenye kuagiza anajulikana na ana kikao cha kuamulia. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa maseneta wa Marekani walipokuwa bado wakichaguliwa na mabunge ya majimbo yao. Mwaka 1836 bunge la Virginia lilimwagiza John Tyler aunge mkono kufutwa kwa azimio la kumkemea Rais Andrew Jackson. Tyler alikubali kwamba bunge hilo lilikuwa na haki ya kumwagiza, dhamiri yake ikakataa kutii, akajiuzulu.

Jimbo la uchaguzi halina kikao cha namna hiyo. Haliketi, halijadili wala halipitishi azimio, na kinachoitwa matakwa yake mara nyingi ni jumla ya simu zilizopigwa na watu wenye hasira zaidi. Chukua muswada wa kodi unaopingwa kwa sababu utawaumiza wachuuzi: usiku wa kuamkia kura, kamati inaongeza kifungu cha kuwasamehe wachuuzi na kupunguza kiwango cha kodi kwa nusu. Mbunge aliyeahidi kuupinga atakuwa anatii maoni yaliyotolewa juu ya maandishi ambayo hayapo tena. Hata asiyebanwa na muda anaweza kukosea kuyasoma matakwa yenyewe. Utafiti wa Broockman na Skovron uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wanasiasa wa majimbo ya Marekani, wa vyama vyote viwili, waliwadhania wapigakura wao kuwa wahafidhina kuliko walivyokuwa.

Kwa hiyo naona kwamba kinachomfunga mbunge kwa haki ni kile alichosema alipokuwa akiomba kura. Machi 1981, huku wengi nchini Ufaransa wakiunga mkono adhabu ya kifo, mgombea urais François Mitterrand alitangaza kwenye televisheni kwamba anaipinga. Alichaguliwa mwezi Mei, na Oktoba adhabu hiyo ikafutwa. Walioipenda adhabu hiyo hawakuwa na sababu ya kusema wamehadaiwa. Kinyume chake, mbunge aliyeahidi bila masharti kutopandisha kodi, kisha akaipandisha bila dharura yoyote mpya, hawezi kujificha nyuma ya Burke. Pale ambapo jambo halikuwa kwenye kampeni kabisa, atumie busara yake, na kabla ya kura awaendee wapigakura awaeleze sababu zake.

Lakini mjadala huu wa dhamiri na jimbo unamwacha nje mwenye nguvu kuliko wote wawili, yaani chama. Katika mabunge mengi mnadhimu ndiye anayewaambia wabunge wapige kura gani, na mkaidi anaweza kupoteza nafasi kwenye kamati, kukosa tiketi uchaguzi ujao au, katika baadhi ya nchi, kupoteza kiti kwa kufukuzwa chamani. Ibara zinazomlinda mbunge dhidi ya maagizo hazisaidii sana hapo, kwani chama hakihitaji agizo la maandishi. Nidhamu ya chama ninaitetea inapohusu ilani, kwa kuwa wapigakura waliiona kabla ya kuchagua. Nje ya ilani sioni msingi wake, na ninashangaa kuwa mbunge anayekasirika akiagizwa na watu wa jimbo lake hukubali kimya kuagizwa na mnadhimu. Mabadiliko ambayo ningeanza nayo ni madogo, ya kanuni za bunge tu: kura ya mwisho ya kila muswada ipigwe kwa majina na orodha ichapishwe siku hiyohiyo, badala ya spika kupima sauti za “ndiyo” na “siyo” zisizoacha kumbukumbu ya nani alisema nini.