Umeokoka, mbona moyo bado unakusuta?

Kila ninapofundisha darasa la ubatizo la watu wazima hapa Moshi, maswali ya Utatu huisha wiki za mwanzo. Linalobaki huulizwa pembeni, wenzake wakishaondoka: "Mchungaji, nimeokoka, nimesali sala ya toba, mbona bado moyo unanisuta?" Wengine hudhani toba yao haikupokelewa. Wengine wamejishawishi kwamba walimkufuru Roho Mtakatifu, basi tena.

Huwa sikimbilii kuwapa mstari. Warumi 8:1 wanaijua kwa kichwa: "Sasa, basi, hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu." Wameisoma mpaka ukurasa umechakaa, na usingizi bado hauji. Mimi huwauliza swali moja: nani anakudai?

Kuna mfanyabiashara wa maharage alinijia akiwa na mfuko wa rambo mkononi (nimebadilisha mawili matatu asitambulike). Ndani ya mfuko kulikuwa na sado. Msomaji wa Kaskazini anaijua, ile kopo ya rangi ya lita nne tunayopimia nafaka sokoni. Ya kwake ilikuwa imegongwa kitako kikatunia ndani, halafu ikapakwa rangi ya kijivu ili alama za nyundo zisionekane. Juu inajaa mpaka inaweka kichuguu, mteja anaridhika. Chini, maharage ya vikombe kadhaa hayamo. Akaniambia jambo hilo ameliungama kwa Mungu kila usiku tangu aokoke, na kila asubuhi anaamka nalo. Nikamuuliza kesho atapimia nini. Akainama. Alikuwa bado anaitumia.

Huyo hakuwa na tatizo la msamaha. Dhamiri yake ilikuwa inafanya kazi iliyowekewa.

Tulisoma habari za Zakayo, Luka 19, taratibu. Watu huruka mpangilio wake. Yesu anasema anakwenda kushinda nyumbani kwa Zakayo kabla huyo bwana hajarudisha hata senti. Ni baada ya kupokelewa ndipo Zakayo anasimama na kusema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemnyang'anya kwa hila anamrudishia mara nne. Kwa hiyo kurudisha si ada ya kuingilia. Pia ona kwamba ana mafungu mawili: wale anaowajua, na maskini kwa jumla. Yule bwana wa maharage hakuweza kuwatafuta wapita njia wote wa siku za soko. Hao fungu lao lilikwenda kwa wahitaji. Lakini mama lishe waliochukua kwake kila wiki aliwajua kwa majina. Akanunua sado nzima, akawaendea mmoja mmoja. Wawili walicheka. Mmoja alimporomoshea matusi mbele ya wateja na kuhamia kwa jirani yake. Anayekiri kosa hapangi atajibiwa nini.

Hili wazee wa Kichaga walilijua kabla wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, hawajafika Machame mwaka 1893. Aliyekosa alimwendea aliyemkosea na isale mkononi, jani lile lile tunalopanda mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya ukoo yanayozunguka nyumba, na kuikataa isale lilikuwa jambo zito. Lakini lazima uipeleke. Sioni kwa nini aliyebatizwa afanye pungufu ya hapo.

Tahadhari moja. Mwenye kosa la nje ya ndoa asikurupuke kutuma meseji ndefu usiku wa manane kwa sababu leo mahubiri yamemgusa. Kwanza uhusiano huo ukome. Akapime, kwa kuwa afya ya mwenzake imo ndani ya deni hilo. Kisha aseme ana kwa ana, ikibidi akiwepo mtu mzima wanayemheshimu wote wawili. Kuna anayekiri ili yeye apumue, mwenzake abaki amekabwa.

Gumu kuliko yote ni deni ambalo mwenyewe hayupo. Sisi huzika kihambani, kwa hiyo aliyemtelekeza mama yake akiugua hulipita kaburi lake kila Desemba akirudi kula Krismasi, hatua chache kutoka mlangoni, kando ya migomba. Hapo hakuna wa kumrudishia chochote. Mtu wa namna hii ndiye anayeanza kujitafutia adhabu: mifungo ya kujikomoa, sadaka kubwa kuliko uwezo wake, au hela kwa mtumishi aliyemwambia kuna laana ya kuvunjwa. Hela hiyo irudi mfukoni. Kama ipo ya ziada, awape wadogo zake waliobeba uuguzi peke yao, na awaambie wazi kwamba aliwaachia mzigo.

Kwa hao, huelekeza maungamo ya faragha. Washarika wengi wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri, hudhani hayo ni mambo ya Wakatoliki, ilhali walikaririshwa kipaimara kwa Katekisimu Ndogo ya Luther, inayosema maungamo yana sehemu mbili: kuungama dhambi, na kupokea ondoleo kwa mchungaji kama kutoka kwa Mungu mwenyewe. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, tamko la imani la Walutheri, linataka desturi hiyo isiachwe makanisani, ila halimlazimishi mtu kuorodhesha kila kosa, na linashika Zaburi 19:12: "Ni nani awezaye kuyatambua makosa yake?" Ukiungama peke yako kitandani, wewe ndiye mshitaki, wewe ndiye mshitakiwa, na hukumu unajisomea mwenyewe. Ofisini kwa mchungaji unalitaja jambo kwa jina lake, na sauti isiyo yako inakujibu umesamehewa. Mchungaji harudii alichosikia humo, hata kwa mkewe.

Wapo ambao nikiwauliza nani anawadai, hawana jibu. "Najiona mchafu tu." Hawa husimama kila mwito wa kuokoka, kila mkutano wa injili. Nawaambia waache, Yohana amesema Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote. Na kama kwa wiki kadhaa mtu halali, chakula hakipiti, anawaza kufa, hiyo huenda ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Nampeleka hospitali mwenyewe, na maombi tunaendelea nayo njiani.

Na ushuhuda je? Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulitufundisha kutembea nuruni, yaani kutoficha dhambi, na watu waliookoka walirudisha walivyoiba. Huo ni urithi mwema. Siku hizi tumebakiza maiki. Muumini wa miezi mitatu anapandishwa madhabahuni kueleza alizini na nani, bila jina, lakini katika mtaa wetu watu wameshamjua kabla hajakaa. Mimi mwaka wa kwanza simpi mtu maiki, na kwa hilo bado nabishana na baadhi ya wazee wa kanisa. Kwanza aende kwa anayemdai.