Je, wajua watafiti hupimaje uzee wa mtungi wa kinu cha nyuklia?

Katika kinu cha maji ya shinikizo, pampu hubadilishwa, mabomba hubadilishwa, hata mfuniko wa mtungi hubadilishwa. Mtungi wenyewe, unaobeba fueli na wenye ukuta wa feleji wa karibu sentimita 20, haubadilishwi. Ukichoka, kinu kinafungwa. Ndiyo maana wapo wahadhiri wanaoanza na swali hili kwenye shahada ya uzamivu na kustaafu nalo: feleji hii ikipata mshtuko, itanyumbulika au itapasuka?

Kinachoizeesha ni nyutroni kutoka kwenye fueli. Hugonga atomi na kuzing'oa mahali pake. Katika vurugu hiyo, atomi za shaba zilizotawanyika ndani ya chuma hukusanyika vishada vya nanomita chache tu. Vishada huzuia tabaka za atomi zisiteleze, na chuma kisichoteleza hukatika ghafla. Maungio ya weldi ndiyo yenye shida zaidi, kwa sababu mitungi mingi ya zamani iliungwa kwa waya zilizopakwa shaba ili zisishike kutu. Asilimia 0.3 ya shaba inatosha kuharibu mambo.

Kinu kikifanya kazi kwa nyuzi 290 za Selsiasi, hakuna hofu, kwa kuwa feleji ya moto hunyumbulika. Hofu ni siku ya dharura, maji baridi yanapomiminwa kwenye mtungi wa moto ulio bado na shinikizo.

Kwa hiyo kabla kinu hakijawashwa, vipande vya feleji na weldi ileile hufungwa kwenye vidonge vya chuma na kuwekwa ndani, kati ya fueli na ukuta. Huko hupigwa na nyutroni nyingi kuliko ukuta, basi huzeeka kabla yake. Baada ya miaka kadhaa hutolewa na kupelekwa kwenye chumba chenye kuta nene, ambamo mtu hushika kila kitu kwa mikono ya mashine.

Kila kipande kina milimita 10 kwa 10 kwa 55, na mkato wa pembe wenye kina cha milimita 2. Hupozwa au kupashwa moto, kisha nyundo ya kubembea hukivunja kwa pigo moja. Kuanzia kutolewa kwenye kimiminika cha kupozea au kupashia hadi pigo, muda usizidi sekunde 5. Ukichelewa, kipande kimeshabadilika joto na namba uliyoandika si ya kweli. Kinachotafutwa ni halijoto ambayo kipande humeza nishati ya jouli 41 kinapovunjika. Kadiri inavyopanda, ndivyo chuma kilivyozeeka.

Vipande ni vichache, havitengenezwi tena, kwa hiyo hata nusu zilizovunjika hutunzwa: huongezewa ncha mpya kwa weldi na kupigwa mara ya pili.

Uzee huu huweza kurudishwa nyuma. Mwaka 1996, huko Loviisa, Ufini, mshono wa mtungi ulipashwa hadi nyuzi 475 kwa saa 100. Joto la namna hiyo huwapa atomi nafasi ya kurudi mahali pake, na chuma hurejesha sehemu kubwa ya unyumbufu wake. Kinachobaki kupimwa, kwa vidonge vingine, ni kasi ya kuzeeka kwake upya.