Ameanguka kwenye mchikichi, miguu haina nguvu: je, neva zimekufa?

Mdogo wangu ni mkwezi wa michikichi huku Mwandiga, Kigoma. Tangu aanguke, miguu haimsikii. Watu wanasema neva za miguu zimekufa. Ni kweli?

Mara nyingi si kweli, dada. Ndani ya pingili za mgongo hupita ugwe, yaani kamba ya neva mnene kama kidole kidogo, unaobeba amri za ubongo. Pingili ikivunjika, ugwe hubanwa au kuchanika. Lakini seli zinazoendesha miguu ziko sehemu ya chini ya ugwe, na jeraha likiwa juu ya sehemu hiyo, seli hizo hubaki hai. Kilichokatika ni mawasiliano. Ukimgusa wayo, mguu ukajikunja wenyewe, ni seli hizo zinafanya kazi bila ubongo. Usidhani amepona, wala usidhani ni pepo.

Neva zilizoumia huota tena?

Zilizokufa hazirudi. Ila kama ugwe haukukatika wote, nyuzi zilizosalia huchipua matawi na ujumbe hupita njia ya kuzunguka. Ndiyo maana daktari hupima hisia kwenye njia ya haja kubwa: akihisi hapo hata kidogo, matumaini ni makubwa zaidi.

Kuna utafiti wowote?

Upo. Mwaka 2022, watafiti wa Lausanne, Uswisi, walieleza habari za watu 9 waliopandikizwa kifaa cha kusisimua ugwe kwa umeme, huku wakifanya mazoezi makali. Wote walipata nafuu ya kutembea. Cha ajabu, kadiri walivyojifunza, shughuli ya seli ndani ya ugwe ilipungua badala ya kuongezeka. Kwa panya lilionekana kundi moja la seli ambalo panya asiyeumia halihitaji ili atembee, lakini likizimwa kwa panya aliyeumia, nafuu hiyo hupotea. Kwangu hilo ni kubwa sana: seli za ugwe hujifunza.

Na sisi tusio na kifaa hicho?

Mazoezi yaanze mapema, kwa maelekezo ya mtaalamu wa fiziotherapia, na yarudiwe kila siku hata mguu ukisukumwa na mikono yenu. Mgeuzeni kila baada ya saa 2, mkague makalio na visigino. Wekundu usioondoka ndio mwanzo wa kidonda, na vidonda na maambukizi ya mkojo huua.

Na akianguka mwingine?

Msimkalishe, msimpakie bodaboda. Mmoja ashike kichwa kisiyumbe, wengine wamgeuze kwa pamoja kama gogo, alale kwenye ubao au hata mlango uliong'olewa, ndipo aende hospitali.